Jiwe si Bubu

Kuna neno lisemwalo mara nyingi katika mitaa ya Likoni, Kisauni na Changamwe, nalo husemwa hata na watu wanaoheshimiwa kwa busara zao. Kijana akitamka kwamba angependa kusoma habari za miamba ya kale, huulizwa: "Mawe yatakulisha nini?" Swali hili haliulizwi ili lijibiwe. Huulizwa kama mlango unavyofungwa. Muulizaji huenda zake, na aliyeulizwa huona haya, akaiacha nia yake kabla haijaota mizizi.

Nakusudia kulijibu swali hilo. Sina dharau kwa mwenye kuliuliza. Aghalabu ni mzazi aliyebeba mizigo bandarini Kilindini, au aliyeuza samaki sokoni, akalipa karo kwa jasho lake; naye ana haki ya kujua kama jasho hilo litarudi. Lakini haki ya kuuliza haimfanyi mtu kuwa msemakweli katika kila jambo. Swali lake limesimama juu ya nguzo tatu, na zote tatu ni mbovu. Ya kwanza ni kwamba jiwe ni kitu cha kujengea tu. Ya pili ni kwamba mambo ya miaka mamilioni hayawezi kujulikana, kwa kuwa hapana aliyekuwapo akayaona. Ya tatu ni kwamba hata kama yangejulikana, kuyajua ni anasa ya mataifa tajiri. Tuzitikise nguzo hizi moja baada ya moja, tuone kama zitasimama.

Nguzo ya kwanza haina hata haja ya kutikiswa kwa nguvu. Mtu wa Likoni ashukaye ufukoni hukanyaga matumbawe. Mwamba huo ulikuwa viumbe hai baharini yapata miaka 125,000 iliyopita, wakati maji ya bahari yalipokuwa juu kuliko leo kwa mita kadhaa. Mawe ya jamii hiyo ndiyo yaliyojenga Ngome ya Yesu, iliyoanzwa mwaka 1593. Ndiyo yachongwayo kuwa kuta za nyumba zetu. Na ndiyo yaliyosagwa kuwa saruji huko Bamburi, upande wa Kisauni, tangu mwaka 1954. Kujenga yamejenga kweli. Lakini jiwe lile lile linalobeba paa lako limebeba pia habari ya bahari iliyopanda na kushuka, na mtu anayeishi mita chache kutoka ufukoni hawezi kusema kwamba habari hiyo haimhusu.

Changamwe ardhi ni nyingine. Chini ya nyumba, maghala na njia za malori kuna mwamba wa matope yaliyogandamana chini ya bahari zaidi ya miaka milioni 145 iliyopita. Ndani yake yameokotwa maganda ya amonaiti, jamaa wa pweza na ngisi, ambao hawapo tena duniani. Wanajiolojia wameupa mwamba huo jina la Changamwe lenyewe, na ripoti ya Caswell juu ya miamba ya Mombasa na Kwale ilichapishwa tangu mwaka 1953. Tazama ajabu hii: jina la mtaa wetu linasomwa katika maktaba za mbali, na kijana aliyezaliwa katika mtaa huo hajapata kuambiwa.

Sasa na apande garimoshi pale Miritini aelekee bara. Atapita Mazeras, Mariakani, Maji ya Chumvi na Taru, juu ya mchanga uliogeuka mwamba kati ya miaka milioni 200 na 300 iliyopita. Na huko Maji ya Chumvi wameonekana samaki waliogeuka mawe. Atafika Voi na milima ya Taita, na hapo ataona miamba iliyopikwa kwa joto na kukandwa kwa uzito miaka mamia ya mamilioni kabla ya hapo. Akivuka Bonde la Ufa, akafika Migori au Kakamega, atakuwa amefika kwenye miamba iliyo mizee kuliko yote ya Kenya, ambayo umri wake wapita miaka milioni 2,500.

Hesabu kubwa huchosha akili, basi tuipime kwa kamba. Tuseme kila mita moja ya kamba ni miaka milioni moja. Matumbawe ya Likoni hayafiki hata shubiri moja ya kamba hiyo. Mwamba wa Changamwe utataka kamba ya mita 150 hivi. Mwamba wa Migori utataka kamba ya zaidi ya mita 2,500, yaani yapata mara tano ya upana wa maji tunayoyavuka kwa feri. Safari ya reli na basi ya siku moja au mbili hutupitisha katika zaidi ya nusu ya umri wa dunia, ambao ni miaka milioni 4,540 hivi. Mwenye kusema kwamba hayo ni mawe ya kujengea tu ni sawa na mtu aliyerithi sanduku la hati za mababu, akazitumia kuwashia moto.

Nguzo ya pili ina nguvu zaidi, nami sitaidharau. Wapinzani wetu husema: nani alikuwapo? Nani aliyeona hewa ya dunia ilivyokuwa miaka milioni 2,500 iliyopita? Maneno ya kubuni hayawi elimu. Nami nakubali: maneno ya kubuni hayawi elimu. Lakini hakimu naye hakuwapo penye wizi, na bado hutoa hukumu, kwa kuwa ana mashahidi, na mashahidi hao huulizwa mmoja mmoja ili ionekane kama maneno yao yapatana. Katika miamba ya kale yuko shahidi wa namna hiyo, naye ni kiberiti.

Kiberiti ninachotaja si kile kisanduku cha njiti za kuwashia moto, ijapokuwa kisanduku kilipata jina lake kwa madini hayo yaliyotiwa katika vichwa vya njiti. Nataja madini yenyewe ya rangi ya manjano, ambayo vitabu vya leo huyaita salfa. Salfa hupenda kuungana na vitu vingine. Ikiungana na chuma huzaa pairiti, jiwe la manjano ling'aalo, ambalo limewatia wachimbaji wengi tamaa ya bure. Ndiyo sababu wazee walituonya kwamba si vyote ving'aavyo ni dhahabu. Mgodi wa Macalder, huko Migori, ulichimbwa shaba katika miaka ya 1950 na 1960, na shaba hiyo ilikuwa imeungana na salfa, pamoja na pairiti, ndani ya miamba ile mizee niliyoitaja.

Atomi zote za salfa zina tabia moja, lakini hazina uzani mmoja. Ziko za namna nne zisizooza, nazo huitwa isotopu: ya 32, ya 33, ya 34 na ya 36. Katika kila atomi mia moja, karibu 95 ni za 32, na zaidi kidogo ya nne ni za 34. Za 33 hazifiki moja kamili, na za 36 ni moja au mbili katika kila elfu kumi. Kuzitenga si kazi ya macho. Salfa ya jiwe hugeuzwa kuwa gesi, chembe zake hutiwa umeme, kisha hupitishwa mbele ya sumaku yenye nguvu. Umewahi kusimama penye mzunguko wa barabara pale Changamwe? Mkokoteni mtupu hukata kona kwa wepesi. Trela lenye kontena huenda mbali kabla halijageuka. Ndivyo zilivyo chembe hizo: nyepesi hupinda sana, nzito hupinda kidogo, na kila moja hufikia mahali pake ikahesabiwa.

Viumbe navyo hujua kuchagua kati ya nyepesi na nzito. Nenda Kisauni wakati wa maji kupwa, uingie penye mikoko kando ya hori la Tudor, ukanyage tope jeusi. Litakunukia kama mayai viza. Harufu hiyo ni kazi ya bakteria wasioonekana, ambao hawana haja ya oksijeni. Huishi kwa kutumia salfeti iliyomo katika maji ya bahari, na kutoa gesi ya salfa yenye kunuka. Katika kazi hiyo huipendelea salfa ya 32, kwa kuwa ni nyepesi kuivunja, na kuiacha ile ya 34 ibaki majini. Ndiyo maana salfeti ya bahari za leo ina salfa ya 34 zaidi kwa sehemu 21 katika kila elfu kuliko kipimo cha asili, ambacho kilichukuliwa katika kimondo kilichoanguka Arizona, Marekani. Basi mtoto wa Kisauni aliyeziba pua penye mikoko amekwisha kukutana na elimu hii, ila hakuna aliyemwambia jina lake.

Uchaguzi wa namna hii una kanuni. Kutoka 32 hadi 33 ni hatua moja ya uzani. Kutoka 32 hadi 34 ni hatua mbili. Kwa hiyo 34 ikiongezeka kwa kiasi fulani, 33 huongezeka kwa karibu nusu yake. Ni kama ndugu wawili wa biashara moja: mkubwa akipata shilingi kumi, mdogo hupata karibu tano, mkubwa akipoteza kumi, mdogo hupoteza karibu tano. Maji yakichemka, madini yakiganda, kiumbe akila, kanuni ni hiyo. Kwa muda mrefu wataalamu waliiamini hivi kwamba waliona ni kazi bure kumpima yule mdogo, maadamu hesabu ya mkubwa yajulikana.

Mwaka 2000, James Farquhar, Huiming Bao na Mark Thiemens, waliokuwa katika Chuo Kikuu cha California huko San Diego, walitangaza kwamba walimpima mdogo pia, nao wakakuta jambo lisilotazamiwa. Katika miamba iliyo mizee kuliko miaka milioni 2,450 hivi, mdogo alikuwa hafuati hesabu ya mkubwa. Mahali pengine alipata zaidi ya haki yake, na pengine alipoteza hali mkubwa anapata. Katika miamba iliyo michanga zaidi, ndugu hao wawili walikuwa wamepatana tena kama wanavyopatana leo. Kitu gani kiliwagombanisha, na kitu gani kikawapatanisha?

Jibu liko hewani. Volkano za kale zilitoa gesi ya salfa kama zitoavyo volkano za leo. Leo juu ya vichwa vyetu kuna tabaka la ozoni, lizaliwalo na oksijeni, nalo huzuia sehemu kubwa ya miale mikali ya jua iitwayo urujuanimno. Pasipo oksijeni hapana ozoni. Na pasipo ozoni miale hiyo hushuka chini, ikaivunja gesi ya salfa kwa namna isiyofuata kanuni ya uzani. Tena, katika hewa isiyo na oksijeni salfa iliyovunjwa hivyo ilirudi ardhini na baharini kwa njia zaidi ya moja: nyingine kama vumbi la salfa tupu, nyingine kama salfeti; na kila njia ilibeba alama yake bila ya kuchanganyika. Oksijeni ikiwapo, karibu salfa yote hugeuka salfeti, njia zikawa moja, na alama ikafutika. Wataalamu walipiga hesabu wakaona kwamba ili alama hiyo ibaki, oksijeni ya hewani lazima iwe chini ya sehemu moja katika laki moja ya ile tunayoivuta leo.

Hapa mpinzani aweza kusema: shahidi mmoja hatoshi. Ni kweli, na ndiyo sababu wako wengine. Isotopu ya 36, iliyo adimu kuliko zote, nayo iliulizwa. Katika miamba ile mizee, kila 33 inapozidi kanuni, 36 hupungua chini ya kanuni kwa kadiri inayokaribiana. Mashahidi hao wawili hawakupata nafasi ya kula njama. Mwaka 2004 walipimwa pairiti ya miamba ya Afrika Kusini yenye umri wa miaka milioni 2,320 hivi, na ule ugomvi wa ndugu haukuonekana tena. Mwaka 2021 wataalamu wengine, kwa miamba ya nchi ile ile, walisema kwamba oksijeni ilikuja na kuondoka mara kadhaa, wala haikukaa kwa kudumu mpaka yapata miaka milioni 2,220 iliyopita. Wengine husikia mabadiliko hayo ya hesabu wakacheka, wakasema wataalamu hawajui wasemalo. Hucheka bure. Mwongo hung'ang'ania neno lake la kwanza. Msemakweli hulisahihisha apatapo ushahidi bora.

Basi nguzo ya pili imeanguka. Hapana mtu aliyekuwapo, lakini jiwe lilikuwapo. Twajua leo kwamba dunia ilikaa karibu nusu ya umri wake pasipo hewa ambayo mwanadamu angeweza kuivuta. Twajua kwamba hewa hiyo ilitokana na viumbe vidogo vya majini, visivyoonekana kwa macho, vilivyojifunza kutumia nuru ya jua na kuachia oksijeni. Na twajua kwamba miamba ya Migori na Kakamega ni ya zama za kabla ya badiliko hilo. Mchimbaji wa dhahabu anayeponda jiwe la Migori na kuitupa pairiti yake anatupa salfa iliyoungana na chuma katika dunia ambayo yeye mwenyewe asingeishi ndani yake hata kwa dakika chache.

Imebaki nguzo ya tatu: kwamba haya yote ni anasa. Hapa nataka wapinzani wetu wanisikilize kwa makini zaidi, maana hapa ndipo wanapojidhuru.

Kwanza, ufundi ule ule unaopima salfa ya kale hupima salfa ya leo. Visima vingi vya Kisauni na Likoni vina maji yenye chumvi. Je, chumvi hiyo yatoka baharini, au uchafu wa vyoo umeingia, au ni madini ya mwamba wenyewe? Ulimi hauwezi kutofautisha. Isotopu za salfeti zaweza kusaidia kutofautisha, kwa kuwa salfeti ya bahari ina alama yake ya sehemu 21 katika elfu. Mama anayechota maji ya kisima hahitaji kujua habari za miaka milioni 2,400. Lakini anahitaji mtu aliyejifunza kupima, na mtu huyo hazaliwi katika mtaa ambao kila kijana anayependa mawe huchekwa.

Pili, hewa. Changamwe palikuwa na kiwanda cha kusafishia mafuta tangu mwaka 1963 hadi mwaka 2013, na meli zinazoingia Kilindini huchoma mafuta yenye salfa mpaka leo. Ndiyo maana mataifa yalikubaliana kwamba tangu tarehe 1 Januari 2020 mafuta ya meli yasizidi salfa nusu ya moja kwa mia, hali kiwango cha kabla ya hapo kilikuwa tatu na nusu kwa mia. Anayejua kwamba viumbe vidogo vya majini viliweza kuigeuza hewa ya dunia nzima hatashangaa akiambiwa kwamba viwanda na meli navyo vyaweza kuibadili. Hewa si dari iliyojengwa mara moja ikaachwa. Ina historia, na sisi tumo katika historia hiyo.

Tatu, mali. Mchanga mzito wa Kwale ulipakiwa melini Likoni tangu mwaka 2014, mpaka uchimbaji ulipokoma mwishoni mwa mwaka 2024. Ndani ya mchanga huo mlikuwa na ilmenaiti, rutaili na zirkoni, chembe zilizochukuliwa na maji kutoka miamba mizee ya bara na kutuama karibu na pwani. Watu wa pwani waliukanyaga mchanga huo kwa karne nyingi. Waliojua thamani yake ni wale waliosoma mawe. Usilolijua, walisema wahenga, ni kama usiku wa giza. Na katika giza mtu huweza kukalia hazina yake akiomba.

Lakini liko neno zito kuliko kisima, moshi na mchanga. Miamba mingi iliyotoa ushahidi wa hewa ya kale ilitoka Afrika. Afrika Kusini ina milima ya Makhonjwa, karibu na Barberton, yenye miamba ya miaka milioni 3,200 hadi 3,600, nayo iliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2018. Afrika imetoa jiwe; aghalabu wengine wametoa mizani; na jina la ugunduzi hufuata mizani. Siwalaumu wenye mizani. Walifanya kazi kwa uaminifu, wakawaonyesha walimwengu walichokiona. Nalaumu wale wetu wanaosema kwamba elimu hiyo ni ya wageni, kisha wakawafunga watoto wao mlango wa kuipata. Huwezi kumzuia mwanao kwenda shambani, halafu ukalalamika kwamba mavuno yote ni ya jirani.

Haki yataka nikubali jambo moja. Si kila asomaye habari za miamba atapata kazi ya kupima miamba, na mwenye kumwahidi kijana utajiri wa haraka katika elimu hii anamdanganya. Lakini ni elimu gani isiyo na sharti hilo? Si kila asomaye hesabu huwa mhasibu, wala si kila asomaye sheria huwa hakimu. Hatuwaulizi hao kwamba hesabu itawalisha nini au sheria itawalisha nini. Jiwe peke yake ndilo tunalolidai mshahara kabla hatujalisikiliza.

Nini basi kifanywe? Siombi majumba makubwa wala mashine za thamani. Naomba mambo matatu yaliyo katika uwezo wetu. La kwanza, kila shule ya Likoni, Kisauni na Changamwe na iwatoe wanafunzi wake nje walau mara moja kwa mwaka, waende ufukoni penye matumbawe, penye mikoko, na penye kila kilima kilichokatwa kwa barabara au reli, wauone mwamba kabla haujafunikwa kwa saruji. La pili, kila shule na iwe na kabati la mawe, na kila jiwe liandikwe mahali lilipotoka, siku lilipookotwa na jina la aliyeliokota. Kabati la mbao halina gharama kubwa, na haba na haba hujaza kibaba. La tatu, walimu na waandishi wetu na wayataje mambo haya kwa Kiswahili. Nimeandika insha hii nzima juu ya isotopu za salfa, na lugha haikunishinda. Elimu isiyotajwa kwa lugha ya nyumbani hubaki mgeni sebuleni, haingii jikoni.

Na wewe mwanafunzi unayesoma ukurasa huu, wajibu wako ni mwepesi na mzito pamoja. Mwepesi, kwa kuwa vyuo vipo, na madini na miamba hufundishwa katika nchi yako, Nairobi na hata Taita Taveta, si mbali na kwenu. Mzito, kwa kuwa utaulizwa lile swali, na utaulizwa na mtu unayempenda. Usimjibu kwa ufidhuli. Mwamkie kwanza, kisha mwambie: "Baba, hewa unayoivuta haikuwapo tangu mwanzo. Ilikuja siku zake, na tarehe yake imeandikwa katika mawe. Nataka kuwa mmoja wa wanaojua kuisoma, ili siku watakapokuja watu kuyapima mawe yetu na maji ya kisima chetu, awepo mtu wa kwetu anayefahamu wanachopima."

Huenda asikubali siku hiyo. Lakini atakuwa amesikia jibu, na swali lililokuwa mlango uliofungwa litakuwa limegeuka kuwa mazungumzo. Jiwe limengoja miaka milioni 2,500 kuulizwa. Mzazi naye na apewe muda wake. Usiyotakiwa kumpa muda ni nafsi yako. Kesho maji yakipwa, shuka penye mikoko, ukanyage tope, wala usizibe pua.